Na, Au, Wala: Viunganishi vya Kiswahili Mbele ya Mantiki ya Kompyuta

Husemwa mara kwa mara kwamba mambo ya ndani ya kompyuta hayasemeki kwa Kiswahili ila kwa kuazima. Wanaokanusha hoja hiyo hutoa orodha ya majina: tarakilishi, biti, baiti, kumbukumbu, na mengineyo. Lakini jina la chombo ni jambo jepesi. Chombo huitwa vyovyote kikafanya kazi ileile. Ugumu umo katika maneno madogo yasiyotiwa katika orodha hizo, yaani na, au, na si, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya mashine.

Lango, kwa maana ya mafundi wa kompyuta, ni saketi ndogo ya transista. Huingia alama mbili za umeme, ikatoka moja. Umeme wa juu aghalabu huhesabiwa 1, na wa chini 0. Lango la na hutoa 1 endapo maingizo yote mawili ni 1. Lango la au hutoa 1 ikiwapo 1 hata upande mmoja. Lango la si lina ingizo moja tu, nalo hulipindua.

Neno la kwanza kuleta ugomvi lilikuwa au, tena ugomvi wenyewe ulianza kabla ya kompyuta kuwapo. George Boole, aliyekuwa mwalimu wa hisabati mjini Cork, Ireland, alitoa mwaka 1854 kitabu chake juu ya kanuni za fikira, na humo alama ya kujumlisha haikuruhusiwa ila kwa makundi yasiyoingiliana: kitu kiwe hiki au kile, kisiwe vyote viwili. Jevons alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1864, akataka au ipokee vyote viwili pia, na wahandisi wakafuata njia ya Jevons. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Mwenyeji aulizapo, "Chai au kahawa?" hatazamii mgeni ajibu "Vyote." Bali tangazo likisema mwenye homa au kikohozi aende zahanati, mwenye vyote viwili hafukuzwi mlangoni. Kwa maana ile kali lugha ina ama... ama, na lango lake lipo: ndilo linaloigwa na taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, ambapo kugeuza yoyote kati ya hizo huwasha taa iliyozimika au huzima iliyowaka.

Claude Shannon, katika tasnifu yake ya mwaka 1937 iliyochapwa mwaka uliofuata, alionyesha kwamba hesabu ya Boole ndiyo hesabu ya swichi. Jambo moja katika maandishi yake halisemwi sana. Yeye alihesabu njia iliyofunguka, isiyopitisha umeme, kuwa 1, na njia iliyofungika kuwa 0. Hivyo swichi mbili zilizofuatana katika waya mmoja kwake ni jumla, yaani au. Siku hizi hesabu imepinduliwa, na swichi zizo hizo husomwa kuwa na. Waya haukubadilika hata kidogo. Neno, basi, halimo ndani ya waya, bali katika mapatano ya wasomaji, na mfasiri asiyelijua hilo atafasiri mchoro mzima kinyume.

Neno na lina mzigo mwingine. Huunganisha majina, hutaja mtenda katika sentensi ya kutendwa, huonyesha umiliki, ila vitenzi aghalabu haliviunganishi, maana Kiswahili husema "alikuja akala." Yote hayo ni mepesi mpaka ukanushi uingie. "Bibi hali nyama na samaki." Je, hali hata kimoja, au hali vyote viwili kwa pamoja? Badala ya na itiwe au, na bado msikilizaji atauliza ni kipi. Katika saketi shaka hiyo ni kosa la waya, kwa kuwa ni malango mawili tofauti.

Hapa ndipo wengi wanaofasiri hushona au na si wakapata jina lisilotamkika na mtu yeyote sokoni, hali neno lipo tangu zamani: "Bibi hali nyama wala samaki." Sentensi hiyo haina shaka. Ni kweli pale tu yote mawili ni uongo, na hilo ndilo lango lenyewe. Yaweza kupingwa kwamba wala haisimami peke yake, hutaka kitenzi kilichokanushwa mbele yake. Pingamizi ni la haki, lakini lamsaidia mfundishaji. Wala imetoka katika Kiarabu, wa na la, yaani "na si"; kwa hiyo "si A wala B" ni "si A, na si B," na hiyo ndiyo kanuni inayoitwa kwa jina la De Morgan, isemwayo kila siku na watu wasiopata kumsikia.

Tena lango hili latosha peke yake kuzaa mengine yote. "Si A wala A" ni si. Wala ikipinduliwa ni au. Na maingizo yakipinduliwa kwanza, wala huwa na. Malango mawili ya wala, tokeo la kila moja likirudi kuwa ingizo la mwenzake, hushika biti moja isipotee maadamu umeme upo. Kompyuta iliyokuwamo katika Apollo 11 mwaka 1969 ilijengwa mantiki yake kwa lango la aina hii tu, kwa vipande vya saketi vipatavyo 2,800, kila kipande kikiwa na malango mawili ya maingizo matatu matatu: si A wala B wala C.

Kwa lango la pili, lile la "si vyote viwili," ambalo nalo lazaa mengine yote, Kiswahili hakina neno moja. Kumbukumbu ya kudumu iliyomo katika simu za mkononi imepewa jina kwa lango hilo, na wafasiri bado wana deni la kulitafutia la kwake.