Kukadiria kwa Penseli

Ukitaka kujua benzeni itapokea nitrojeni kiasi gani, siku hizi unaingiza majina mawili kwenye programu na kubonyeza. Jibu linakuja na tarakimu sita baada ya nukta, na mwanafunzi analinakili hadi ile ya sita. Muulize kama namba hiyo inaelekea kuwa kweli, au imezidi mno. Atakwambia ndivyo kompyuta ilivyosema. Hapo ndipo ninapoona kuna ufundi tumeuzika ungali hai, nao ni ule wa kukadiria: kuitafakari gesi, kukitafakari kimiminika, na kusema kwa ukaribu wa kuaminika ni kiasi gani kitayeyuka, kabla hujafungua bomba lolote.

Aliyetuonyesha ufundi huo alikuwa mwalimu mtu mzima, wa sauti ya chini, aliyependa karatasi ya grafu kuliko kitabu. Mhimili wa chini aliupa nyuzi za kuchemka kwa gesi. Wa kusimama aliupa kiasi kinachoyeyuka, kwa ngazi ya logi. Kisha akaweka nukta mbili tu za benzeni ya nyuzi 25, gesi ikiwa kwenye mgandamizo wa angahewa moja. Nitrojeni, inayochemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri: katika kila molekuli elfu kumi, nne na nusu ni zake. Methani, inayochemka kwenye 161 chini ya sifuri: molekuli ishirini na moja. Akaziunganisha kwa rula.

"Haya wanangu, oksijeni inachemka kwenye 183 chini ya sifuri. Niwekeeni nukta yake."

Tulipandisha penseli kutoka kwenye 183 hadi kwenye mstari, tukakata kwenda kushoto, tukasoma nane. Mwalimu akafungua jedwali la vipimo, akalisogeza katikati ya meza ili kila mtu aone: nane na kidogo. Akauliza tena, argoni je? Argoni inachemka kwenye 186 chini ya sifuri, kwa hiyo lazima iwe jirani ya oksijeni, ingawa kikemia hazina undugu wowote: moja inachoma chuma, nyingine haigusi chochote. Tukatazama jedwali, na kweli ni majirani. Sijui kama nimewahi kufurahishwa na kitu darasani kuliko kuziona gesi mbili zisizofanana zikikaa pamoja kwa sababu moja tu, kwamba nguvu inayozivuta molekuli zake kuwa kimiminika inakaribiana. Gesi iliyo tayari kujikusanya yenyewe ndiyo iliyo tayari kukusanywa na wengine.

Historia yake naipita haraka. William Henry wa Manchester, mtu aliyeishi na maumivu tangu ajali ya utotoni, alitupa nusu ya jambo mwaka 1803: ukizidisha mgandamizo wa gesi mara mbili, kinachoingia majini nacho kinakuwa mara mbili. Lakini mara mbili ya nini? Hilo kanuni yake haisemi. Kila gesi na kila kimiminika vina kiwango chao, na karne nzima watu walikuwa wakikipima tu.

Aliyetaka kukitabiri ni Joel Hildebrand wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyeishi miaka 101, tangu 1881 hadi 1983, na maisha yake yote ya kazi hakuchoka kuuliza kwa nini hiki kinayeyuka katika kile. Kitabu chake cha uyeyukaji kilitoka mwaka 1924. Alikuwa miongoni mwa waliopendekeza wapiga mbizi wapewe heli badala ya nitrojeni, kwa kuwa heli ni ngumu kuyeyuka katika miili yao. Yeye ndiye aliyetufundisha kukipa kila kimiminika namba yake. Unachukua nishati inayohitajika kukigeuza kuwa mvuke, unaigawa kwa nafasi kinayochukua, unatoa kipeuo cha pili, basi. Namba hiyo inakwambia molekuli zake zimeng'ang'aniana kiasi gani. Gesi ikiingia, waliokaa wanapaswa kusogea kumpisha mgeni, na walioshikamana sana hawasogei kwa hiari. Kwa vipimo vya zamani vya Hildebrand, heksani ina 7.3 na benzeni 9.2, na kweli heksani inapokea nitrojeni karibu mara tatu ya benzeni. Vimiminika vya florokaboni viko karibu na 6, vimelegea kabisa, navyo hunywa oksijeni kwa wingi wa kushangaza. Mwaka 1966 Leland Clark na Frank Gollan waliwazamisha panya katika kimiminika cha aina hiyo kilichojazwa oksijeni, na panya wakapumua humo.

Ufundi huu pia ulikusahihisha mazoea. Wengi tumekua tukiamini kwamba kukipasha moto kimiminika ni kuifukuza gesi, kwa sababu ndivyo maji na soda vinavyofanya. Katika benzeni, heli na hidrojeni hufanya kinyume: joto likipanda, zinayeyuka zaidi. Mwenye kuelewa sababu ya mstari hashtuki. Mwenye kubonyeza tu atadhani programu imeharibika, au, jambo baya zaidi, hataona chochote.

Na vipimo vyenyewe, ambavyo bila hivyo mstari hauna pa kuegemea, vilitoka mikononi mwa watu wenye subira. Ili upime, kwanza lazima utoe hewa yote iliyokuwamo kwenye kimiminika, hadi punje ya mwisho, na hapo ndipo wavivu walipoharibu. Mfululizo mkubwa wa majedwali ya kimataifa ya uyeyukaji ulianza kuchapishwa mwaka 1979, na juzuu lake la kwanza lilikuwa la heli na neoni. Wahariri walisoma vipimo vya miongo mingi, kimoja kimoja, wakasema hiki tunakikubali, hiki hatukiamini. Nani leo angekubali kazi ya kutoamini?

Mwalimu alitukataza jambo moja: kuupeleka mstari ule majini. Namba ya maji ni kama 23, yameshikana kwa namna yake, na pale unarudi kwenye vipimo. Kujua mstari wako unaishia wapi nako ni sehemu ya ufundi.

Maji hayo si mbali nasi. Chini ya Ziwa Kivu, kati ya Congo na Rwanda, zimeyeyuka methani na kaboni dayoksaidi kwa wingi wa kutisha, na watu zaidi ya milioni mbili wanaishi kandokando yake; wa Goma wanaijua kaboni dayoksaidi ya ardhini kwa jina la mazuku, inayoua mtu na mbuzi penye mabonde. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Cameroon liliachia gesi yake usiku mmoja, wakafa watu kama 1,700. Kivu sasa linavunwa kwa ajili ya umeme. Maji yanapandishwa kwa bomba kutoka kina cha zaidi ya mita 300, mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka. Kazi yote inategemea kwamba kaboni dayoksaidi huyeyuka majini zaidi ya mara ishirini ya methani. Ukitenganisha kina kikiwa kirefu mno, methani nyingi inabaki majini. Ukitenganisha karibu mno na uso, kaboni dayoksaidi inafurika ndani ya gesi nayo haiwaki vizuri. Mtu lazima achague kina hicho, na achague pia maji yaliyotumika yarudishwe wapi, matabaka ya ziwa yasivurugike.

Kwa hiyo naumia ninapowaona wahitimu wetu wa uhandisi hawajawahi kuweka nukta moja kwa mkono. Waletee karatasi inayosema methani inayeyuka majini kuliko kaboni dayoksaidi, na wengi wataipitisha bila kuinua macho, kisha watachora bomba kwa kuifuata.