Mwezi wa Hergé na Kongo ya Hergé

Watoto wetu wanapenda sana hadithi za picha za Tintin. Wakubwa wengine husema: «Ni mchezo tu, waacheni.» Sisi hatusemi hivyo. Kitabu anachokirudia mtoto mara kumi kinamfundisha kuliko somo alilolisikia mara moja. Kwa hiyo yatupasa kukipima. Leo twataka kupima vitabu viwili vya Hergé, mchoraji wa Ubelgiji: Objectif Lune, kilichotoka mwaka 1953, na On a marché sur la Lune, kilichotoka mwaka 1954.

Hadithi yenyewe yajulikana. Tintin, mbwa wake Milou, kapteni Haddock na mtaalamu Tournesol wanapanda roketi yenye miraba myekundu na myeupe, wanakwenda mpaka Mwezini. Wanashuka katika shimo kubwa liitwalo Hipparque. Shimo hilo liko kweli, na upana wake wapita kilometa 130. Aliyelipa jina hilo ni padri wa Shirika la Yezu, Riccioli, katika ramani ya Mwezi aliyoitoa mwaka 1651.

Kumbukeni kwamba vitabu hivi vilitoka miaka 15 kabla Armstrong na Aldrin hawajakanyaga Mwezi mwaka 1969. Je, Hergé alisema kweli?

Mengi aliyasema sawasawa. Katika picha zake mbingu ya Mwezi ni nyeusi hata wakati wa jua, kwa sababu hakuna hewa. Watu hawawezi kutoka nje bila mavazi yenye hewa ndani yake. Kapteni Haddock, mtu mzito, anaruka kama mtoto, kwa kuwa Mwezini uzito wa mtu ni sehemu moja ya sita tu ya uzito wake wa hapa. Mashine za roketi zikizimika njiani, wasafiri wanaelea, na pombe ya kapteni inatoka katika bilauri ikiwa mviringo kama mpira. Haya yote wanaanga waliyaona baadaye kwa macho yao.

Pengine alikosa. Alichora milima iliyochongoka na ardhi iliyojaa nyufa. Wale watu 12 waliotembea Mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972 walikuta vilima vya mviringo, kwa sababu mawe ya angani, makubwa na madogo, yameupiga Mwezi miaka elfu elfu nyingi na kuusaga uso wake. Walikuta pia vumbi jembamba lenye makali, linaloshika nguo na kula vyombo. Tena roketi yake inashuka nzima na kurudi nzima, kwa nguvu ya atomu. Lakini roketi iliyowapeleka Wamarekani, yenye urefu wa metre 110 hivi, iliacha vipande vyake njiani, na kilichoshuka Mwezini ni chombo kidogo tu.

Kuna jambo moja ambalo alikosa na kupatia pamoja. Milou anatumbukia katika pango, Tintin anamfuata, na kumbe chini ni barafu! Mahali pale pa Hipparque barafu haiwezi kukaa juu ya ardhi, kwa maana pako karibu na mstari wa katikati wa Mwezi, na mchana joto lapita lile la maji yanayochemka. Lakini mwaka 2009 Wamarekani waliangusha chombo katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini, ambamo jua haliingii kamwe. Katika mavumbi yaliyoruka yakaonekana maji. Na mwaka huohuo Wajapani walitangaza kwamba chombo chao Kaguya kimeona mdomo wa shimo refu linaloelekea chini ya ardhi.

Kuhusu tumbo la Mwezi, Hergé hakusema neno, wala hatumlaumu. Siku zile nani angeliweza kujua? Vyombo vya kupima matetemeko vilivyoachwa na wanaanga vilituma habari hadi mwaka 1977. Wataalamu walizichungua upya, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba ndani kabisa mna kiini kigumu cha chuma, nacho kimezungukwa na chuma kilichoyeyuka.

Basi, mtu ambaye hajafika Mwezini alipataje kusema kweli nyingi hivi? Jibu ni rahisi: aliuliza. Alisoma kitabu cha Alexandre Ananoff juu ya safari za angani, kilichotoka mwaka 1950. Alimwomba shauri mtaalamu Bernard Heuvelmans. Alitengenezesha mfano wa roketi yake, akaupeleka Paris kwa Ananoff aupime, ili wachoraji wake wasikosee chumba wala ngazi. Hiyo ni kazi ya mtu anayeheshimu ukweli, nasi tunamsifu.

Lakini hapa moyo wetu unauma. Mtu huyuhuyu alichora Tintin au Congo, ambamo alitusimulia sisi. Nchini Kongo pia hakufika, hata siku aliyokufa mwaka 1983. Je, alituuliza? Alikwenda kutazama vitu katika jumba la makumbusho la Tervuren. Hadithi yenyewe haionyeshi kwamba alimwuliza Mkongo hata mmoja. Ametuchora na midomo mikubwa, watu wa kushangaa ovyo na kusema kama watoto wadogo. Wala tusifiche aibu yetu: gazeti lililoitoa hadithi hiyo mwaka 1930 na 1931 lilikuwa gazeti la Kikatoliki, na mkubwa wake alikuwa padri.

Wengine watamtetea: «Alikuwa kijana wa miaka 23.» Ni kweli. Tena mwaka 1934, alipotaka kuchora nchi ya China, padri Gosset, mlezi wa wanafunzi Wachina wa Louvain, alimwonya asiwadharau watu wale. Akakutanishwa na mwanafunzi Zhang Chongren, akamsikiliza, na kitabu Le Lotus bleu kikawa kizuri na cha haki. Basi tangu siku zile njia aliijua. Mwaka 1946 aliichora upya hadithi ya Kongo kwa rangi. Somo ambamo Tintin anawaambia watoto wetu kwamba Ubelgiji ni nchi yao akaligeuza kuwa hesabu. Lakini nyuso zile na usemi ule akaviacha. Miaka michache baadaye aliushughulikia Mwezi kwa bidii kubwa, Mwezi usio na mtu wa kukasirika akichorwa vibaya! Mawe yalipewa heshima ambayo sisi, tulioumbwa kwa sura ya Mungu, hatukupewa. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba aliichora Kongo kwa mawazo ya Wabelgiji wa siku zile.

Tuwaambieje wazazi? Vitabu vya Mwezi wapeni watoto bila hofu, ila waelezeni yaliyokwisha kujulikana baadaye. Kile cha Kongo msikifiche, maana watakipata tu, kisomeni pamoja nao, na kwa kila picha waulizeni: «Huyu aliyechora, alimwuliza nani?»

Na sisi wenyewe tujiulize hivyo. Mara ngapi tunasimulia tabia za kabila la ng'ambo ya mto, au za Wambuti wa msituni, na hatujakaa nao hata siku moja? Wahenga walisema: kuuliza si ujinga. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uwongo, na anayesimulia habari za jirani bila kuuliza yu karibu sana kuivunja.