Kitana na Chanuo: Neno Dogo na Maana Zake

Mtu akitafuta neno kitana katika kamusi zetu, aghalabu ataambiwa ya kuwa ni kifaa chenye meno cha kuchania nywele. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Ni kama kueleza kanisa kwa kusema kwamba ni nyumba yenye paa. Na kwa kuwa mwalimu hufundisha kama alivyosoma, upungufu wa kamusi huingia darasani, na toka darasani hupanda mimbarani. Huko kitana huwa ama chombo cha usafi tu, ama alama ya majivuno tu. Sisi twaona hukumu zote mbili zimepunguka, na tutajaribu kuonyesha sababu, kwanza kwa lugha yenyewe, kisha kwa desturi, na mwisho kwa habari za Maandiko na Kanisa.

Tuanze na shina la neno. Kiunguja husema kuchana. Kimvita na Kiamu husema kutana, kwa kanuni ile ile ifanyayo macho yawe mato na kucheka kuwe kuteka. Kwa hiyo kitana na chanuo ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa katika nyumba mbili. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa huko Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini kitana kimebaki na t yake, na watu wa pande zote hukitumia bila kuuliza kimetoka wapi. Basi asomaye tungo za kale za Mombasa na Lamu na ajihadhari: kutana humo si lazima kuwe ni kuonana, huenda kukawa ni kuchana nywele. Chanuo nalo limetokana na chanua, kama ufunguo ulivyotokana na fungua. Wengine hulitamka shanuo. Kwa desturi kitana ni kidogo, na meno yake ni membamba yaliyosongamana. Chanuo ni kubwa, aghalabu la mti, lenye meno marefu yaliyoachana, nalo hufaa nywele nzito.

Sasa na tutazame jamaa za neno hili. Mkungu wa ndizi hugawanyika katika machana, ambayo wengine huyaita matana, na vidole vya chana moja vimepangwa kama meno ya chanuo. Ua likifunguka, au mti ukitoa majani, twasema umechanua. Ukindu ukipasuliwa vipande vyembamba vya kusukia mkeka, umechanwa. Nguo ikishikwa na mwiba, huchanika. Katika yote hayo limo wazo moja, yaani kutenga sehemu sehemu kitu kilichokuwa kimeshikamana. Kwa nguo kutenga huko ni kuharibu, kwa ua ni kufungua, kwa ukindu ni kutayarisha. Mwenye chanuo hana budi kuyajua yote matatu, kwa maana akifanya haraka hung'oa nywele, na akifanya kwa saburi huzifungua na kuzitayarisha kwa kusukwa.

Wasemaji wa siku hizi hawakuliacha shina hili likauke. Vijana wa mijini husema wamemchana mtu, maana yake wamemwambia kweli usoni bila kumficha. Waimbaji wao huchana mistari, yaani hughani maneno kwa kufuata mdundo. Na mtu aliyefumbuka macho husemwa kuwa amechanuka. Wako wayadharauo maneno haya kuwa ya kihuni. Sisi hatukubaliani nao. Kweli iliyofichwa hutengwa na maneno ya kuificha, na akili iliyofungwa hufunguka kama ua. Vijana wameifuata njia ile ile waliyopita wazee wao.

Hapa yatupasa kuwaonya wafasiri. Kiingereza hutumia neno moja kwa kitana, kwa nyama nyekundu iliyo kichwani pa jogoo, na kwa nta ambamo nyuki huweka asali. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ya jogoo huitwa undu au upanga, na ya nyuki huitwa sega. Mwingereza alipomtazama jogoo aliona meno; Mswahili aliona silaha. Mfasiri amfuataye Mwingereza hatua kwa hatua atamvika jogoo kitana, na watoto watacheka, nao wana haki ya kucheka. Wala Kiingereza hakina neno moja liwezalo kubeba nywele, ndizi na ua pamoja. Kila lugha huchana ulimwengu kwa meno yake, na mwalimu asiyelijua hili hufundisha maneno ya Kiswahili kwa mawazo ya watu wengine.

Tukiiacha lugha na kutazama desturi, twaona kosa jingine la vitabu vyetu, nalo ni kumweka mwenye kitana peke yake mbele ya kioo. Katika nyumba nyingi za pwani na bara kazi hii ni ya watu wawili. Mtoto huketi chini katikati ya magoti ya mama, shangazi au dada. Msusi hupaka mafuta, hutenga nywele mafungu mafungu kwa ncha ya kitana, na wakati mikono ifanyapo kazi, midomo hutoa hadithi, maonyo na habari za ukoo. Upo msuko uitwao twende kilioni, wa mistari michache isukwayo upesi. Jina lake latosha kutufundisha, kwa kuwa kwenda msibani na nywele timtim ni kuwakosea heshima wafiwa. Je, msuko kama huo ni majivuno?

Maana hizi hazikuanza jana, wala si za kwetu peke yetu. Katika makaburi ya Misri ya kale, kabla ya wakati wa Mafarao, wafu walizikwa pamoja na machanuo yenye meno marefu; na mwaka 2013 makumbusho ya Fitzwilliam, Cambridge, yalionyesha habari za chanuo la Kiafrika katika muda wa miaka 6,000. Waasante wa Ghana huchapa katika nguo zao za adinkra alama iitwayo duafe, ambayo ni mfano wa chanuo la mti, nayo ni ishara ya uzuri, usafi na sifa njema za mwanamke. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, watu weusi walilichomeka nyweleni chanuo lenye mpini wa mfano wa ngumi, nalo likatangaza ya kuwa hawazionei haya nywele walizopewa na Muumba.

Sasa tuje katika nchi ya Maandiko. Wasomaji wanaujua mji wa Lakishi, uliotekwa na Yoshua, na ambapo Senakeribu alipiga kambi zamani za mfalme Hezekia. Mwaka 2016 wachimbaji waliokota huko kitana kidogo cha pembe ya ndovu, kisichozidi upana wa vidole viwili. Herufi zilizochorwa juu yake hazikutambuliwa ila baadaye, na habari zake zilitangazwa mwaka 2022. Ni herufi 17 za Kikanaani, ambazo wataalamu wamezikadiria kuwa za mnamo mwaka 1700 kabla ya Kristo, nazo ni sentensi kamili: mwandishi aomba pembe hiyo iwaondoe chawa wa nywele na wa ndevu. Katika meno yake yalionekana hata mabaki ya chawa. Na tulitafakari jambo hili. Sentensi hii, iliyo miongoni mwa zile za kale kabisa zilizopatikana katika maandishi ya alfabeti, si amri ya mfalme wala hesabu ya mali. Ni ombi, nalo limeandikwa juu ya kitana. Usafi, pambo na maombi vyote vilikaa katika kipande kimoja cha pembe, wala mwenyewe hakuona haja ya kuvitenga.

Hata Kanisa halikukidharau. Katika karne za kati huko Ulaya mapadre walichana nywele kabla ya kuadhimisha Misa, na kitana kilikuwamo katika ibada ya kumweka askofu wakfu. Jeneza la Mtakatifu Cuthbert, askofu aliyefariki mwaka 687, lilipofunguliwa huko Durham mwaka 1827, ndani yake palikuwa na kitana cha pembe ya ndovu, nacho kingali kikihifadhiwa huko.

Basi twarudi kwa wahubiri. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, aya ya 3, hutajwa mara nyingi dhidi ya kusuka nywele. Lakini Mtume ataja papo hapo dhahabu na kuvaa mavazi. Wala hatujasikia mhubiri aliyeifasiri aya hiyo kuwa yakataza nguo. Lililokatazwa ni moyo kuutegemea uzuri wa nje, si mkono wa mama kichwani pa mwanawe. Shule nyingi za Tanzania na Kenya huwataka wanafunzi wakate nywele ziwe fupi sana. Huenda sheria hiyo ina sababu zake, kama muda, usawa na urahisi wa kuangalia usafi, nasi hatuna shauri la kuipinga hapa. Twasema tu ya kwamba mwalimu na aitetee kwa sababu hizo, asiitetee kwa kumfanya msichana aamini kuwa nywele zake ni dhambi na chanuo la nyumbani kwao ni chombo cha dhambi. Aaminiye hivyo atajitenga na mama yake kabla ya kujitenga na dunia.

Kwa hiyo twawaomba walimu, watakapofikia neno hili katika somo, wasiishie penye meno na nywele. Na wawaulize watoto: nyumbani kwenu nani humchana nani, na huongea nini wakati huo? Majibu yatajaza ukurasa ambao kamusi zetu zimeuacha mtupu.