Tamthilia ya Kinjeketile na Hasara ya Vita

Wako watu wasemao ya kwamba hadithi ya kubuni haimfai mtu atakaye kujua mambo ya kale. Husema, "Tupeni tarehe na hesabu ya waliokufa, yatosha." Sisi hatukubali, na shahidi wetu ni tamthilia ya Kinjeketile, aliyoiandika Ebrahim Hussein, ikachapwa mwaka 1969.

Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na Wadachi. Wadachi wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wataalamu wa baadaye wametaja hata 300,000. Twawafundisha watoto hesabu hizi, nao huziandika vizuri daftarini wala hawashituki, maana hesabu haina uso.

Hussein haanzi na bunduki. Aanza na wanawake waongeao habari ya njaa. Kisha atuonyesha Kinjeketile, aliyeyaunganisha makabila kwa ahadi ya maji, naye akaanza kuliogopa neno lake mwenyewe, asiweze kulirudisha. Kinjeketile wa historia alinyongwa mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, asiuone mwisho wake. Wa tamthilia ameongezewa siku, apate kuuona. Akiwa kifungoni baada ya kushindwa, aambiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akikiri, adui atasema hata haki waliyoipigania ilikuwa uongo, basi akataa. Yasemwa, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Walakini hapo twaonjeshwa uchungu wa mtu aliyebaki hai akiwakumbuka waliomwamini. Tarehe haiwezi kutufundisha hayo.

Lakini twaona upungufu mmoja. Mchezo waisha gerezani, na hali walio wengi hawakufa kwa risasi; walikufa kwa njaa, askari walipokwisha kuchoma vijiji, mashamba na ghala za nafaka. Njaa hiyo iliwapata hata wasioshika mkuki. Twalitamani wanawake wale wa mwanzo watusimulie na mwisho huo.

Hata hivyo, kitabu hiki kisikosekane nyumbani. Yafaa kukisoma pamoja na historia, wala tusiapie maneno yake kama ushuhuda, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alituonya ya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Historia hutujulisha ni wangapi waliokufa. Tamthilia hutufanya tuwalilie.