Dawa kwenye Tanki, Moshi Jikoni

Ndoo ya lita 20 ya maji ya bomba, ikichemshwa Kibondo kwa mafiga matatu, inakula zaidi ya kilo mbili na nusu za kuni. Maji ya milimani hutoka bombani yakiwa na nyuzi 20 hivi, na kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,500 huchemka yakifika nyuzi 95, si 100. Kuyapandisha nyuzi hizo 75 kunahitaji joto la megajuli 6.3. Kilo moja ya kuni zilizokauka ina megajuli 16 hivi, lakini mafiga huipa sufuria takriban asilimia 15 tu. Nyingine zote hupasha hewa na ukuta. Gawanya, utapata kilo 2.6. Kuni zikiwa mbichi, ongeza.

Maofisini, maji ya bomba na hewa ya jikoni ni mafaili mawili yenye wakuu wawili. Nyumbani ni jambo moja. Mama asiyeyaamini maji ya bomba huyachemsha, na akiyachemsha ndani huvuta moshi wake yeye na mtoto aliye mgongoni. Kwa hiyo swali la nani anatia dawa kwenye tanki, kiasi gani, na dawa hiyo inafika wapi, ni swali la kifua pia. Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa wa Kigoma, zina mfano mzuri wa kulichambua, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa huko, katika kambi za wakimbizi, kwa haraka na kwa vipimo.

Kwanza niondoe hofu moja. Wapo wanaodai kwamba maji yanayochemka kwa nyuzi 95 hayajaiva. Yameiva. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hufa mapema zaidi, na maji yakishatokota kwa dakika moja kazi imekwisha. Kinachoteseka na mwinuko ni maharage, ambayo huchukua muda mrefu zaidi kulainika kuliko Kigoma mjini. Kwa wilaya zinazolima na kula maharage kama hizi, hilo nalo lina bei yake ya kuni. Nitalirudia.

Aprili 2015 machafuko ya Burundi yalisukuma watu kuvuka mpaka. Makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari. Walikunywa maji ya ziwa lile lile walilojisaidia kandokando yake. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia: wagonjwa walizidi 3,000 na watu takriban 30 walifariki, wengi wao wakimbizi. Meli kongwe ya MV Liemba ikawabeba waliokwama hadi Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ilipojaa, kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa tena Oktoba 2015, na Mtendeli huko Kakonko Januari 2016.

Kuwapa watu hao maji ya kutosha ni hesabu ya pampu na mabomba, na viwango vya kibinadamu vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Sitakaa hapo. Penye utaalamu ni kuyafanya salama.

Klorini, kabla ya kuua vimelea, hukutana na tope, majani yaliyooza, chuma na utelezi wa ndani ya bomba, na vyote hivyo huila. Ndiyo maana fundi haanzi na klorini. Anaanza na tope. Maji yakiwa machafu huwekwa shabu, ambayo huyakusanya matope kuwa mabonge yanayozama, kisha maji ya juu huhamishiwa tanki jingine. Lengo ni tope lisizidi vipimo 5 vya NTU, kiwango ambacho macho ya kawaida huona maji meupe kabisa. Nyanda hizi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na kijito kilichokuwa safi Agosti hubadilika rangi kwa mvua ya usiku mmoja. Fundi anayetumia dozi ile ile ya klorini mwaka mzima anatibu maji ya Agosti tu.

Dozi yenyewe hutafutwa kwa ndoo. Fundi huchukua ndoo kadhaa za maji ya tanki, huweka kila moja kiasi tofauti cha mchanganyiko wa klorini, husubiri dakika 30, kisha hupima kilichobaki. Kipimo ni kikasha kidogo cha plastiki: unatia maji, unadondosha kidonge, maji yanageuka waridi, na kadiri waridi linavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Ndoo iliyobakiwa na kiasi kinachotakiwa ndiyo inayotoa dozi ya tanki zima. Kwa tanki la mabati la lita 95,000, mafundi wa dharura hulijua kama T95, dozi ya miligramu 2 kwa lita ni gramu 190 za klorini halisi. Klorini ya unga ya dukani huwa na nguvu ya asilimia 65 hadi 70, hivyo fundi hupima gramu 290 hivi, huikoroga kwenye ndoo pembeni, huacha chokaa itue, na humimina maji ya juu tankini. Baada ya hapo bomba halifunguliwi mpaka nusu saa ipite. Nusu saa hiyo ndiyo huibwa mara nyingi zaidi, maana foleni ya madumu ni ndefu na watu wanapiga kelele.

Hadi hapa kazi ni ya kemia na ilifanywa vizuri. Udhaifu uko katika swali la mahali pa kupimia. Mwongozo wa miaka mingi ulitaka mabaki ya klorini yawe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita bombani. Lakini hakuna anayekunywa bombani. Maji huingia kwenye dumu, hubebwa juani, hukaa nyumbani, huchotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono ya watoto. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha walichokiona kwenye kambi za Sudan Kusini: kwa mwongozo ule, maji mengi yaliyotoka bombani yakiwa salama yalikuwa yamepoteza kinga yake yalipofika kinywani. Walipendekeza miligramu 1.0 bombani, ili saa 10 baadaye nyumbani zibaki 0.2.

Fikiria maana yake kwa saa za nyumbani. Klorini hupungua kwa uwiano. Kwa kasi inayoishusha kutoka 1.0 hadi 0.2 kwa saa 10, dumu lililojazwa saa kumi na mbili asubuhi likiwa na 0.5 linakuwa chini ya 0.2 kabla ya saa sita mchana. Lililojazwa na 0.3 halifiki hata saa tatu asubuhi. Yote mawili yangepewa alama ya vema na mkaguzi aliyesimama bombani. Kibondo ina baridi kuliko Sudan Kusini, na baridi huchelewesha klorini kuisha, kwa hiyo sidai kwamba 1.0 ndiyo namba ya nyanda za juu za Kigoma. Nadai kwamba namba hiyo haipatikani kwenye kitabu. Unapima bombani asubuhi, unaomba ruhusa ya kumfuata mchotaji nyumbani, na jioni unapima dumu lile lile. Ukifanya hivyo kwa nyumba kadhaa kwa siku kadhaa unajua dozi yako. Chuo Kikuu cha York cha Toronto na Madaktari Wasio na Mipaka wametengeneza zana ya kompyuta inayofanya hesabu hizo, lakini daftari na penseli vinatosha kuanza.

Dozi ikipanda, kuna wa kulalamika: maji yananuka dawa. Hili si la kupuuza, maana mtu anayekimbia harufu ya dawa hurudi kisimani, na hapo kazi yote imepotea. Dawa ya harufu ni kupunguza ulaji wa klorini njiani ili isilazimike kuwa nyingi mwanzoni: dumu lisuguliwe ndani kwa mchanga na maji, liwe na mfuniko, na maji ya kunywa yamiminwe badala ya kuchotwa kwa kikombe. Dumu lenye utelezi wa kijani huila klorini ya tanki zuri kuliko yote wilayani.

Nje ya kambi, vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo hunywa maji ya mserereko: chemchemi juu ya kilima, bomba, tanki, vituo vya kuchotea. Hakuna pampu, na hiyo ni neema. Lakini kutokuwa na pampu kumewafanya wengi waamini kwamba mradi hauhitaji kitu kingine. Tangu sheria ya maji ya 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, uendeshaji wa skimu hizi uko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Vyombo hivi hujipima kwa mabomba yanayotoa maji na bili zinazolipwa. Klorini huja baadaye, kama inakuja. Kambini, chini ya kilima kile kile, waridi la kidonge lilitazamwa kama kazi ya kila siku.

Na hapa ndipo hesabu ya kuni inaporudi. Chukua kijiji cha watu 2,500 chenye tanki linalotoa lita 50,000 kwa siku. Kulitia dawa kwa miligramu 2 kwa lita kunahitaji takriban gramu 150 za unga wa klorini. Watu hao wakinywa lita mbili kila mmoja na wote wakichemsha, ni lita 5,000, sawa na ndoo 250, sawa na kilo 650 za kuni kwa siku. Bila shaka si wote wanaochemsha; wengi hunywa yalivyo na kulipa kwa njia nyingine. Lakini gramu 150 kwa kilo 650 ni uwiano ambao hakuna jiko banifu litakaloufikia.

Majiko banifu yenyewe yamepata sifa zaidi ya vipimo vyao. Jiko zuri hupunguza kuni, na kwa mwanamke anayezitafuta mbali hilo ni jambo kubwa. Afya ni habari nyingine. Huko Malawi utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 uligawa majiko yenye feni kwa maelfu ya kaya na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, lakini nimonia haikupungua. Utafiti mwingine ulioihusisha wilaya ya Kayonza, Rwanda, pamoja na India, Guatemala na Peru, uliwapa wajawazito gesi na kuijaza bure. Vumbi laini walilovuta lilishuka hadi mikrogramu 24 kwa mita ya ujazo, dhidi ya 71 kwa waliobaki na kuni, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka usizidi 5. Kwa hiyo hata gesi, ikiwa jirani anapika kwa kuni na takataka zinachomwa uani, haimalizi moshi.

Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono, ila Kibondo ni mbali na mtungi wa gesi una nauli. Kabla haujafika, la kufanya ni kupunguza saa za moto. Maharage yalowekwe tangu jana yake. Kuni zipasuliwe nyembamba na zikae darini mwezi mzima. Jiko liwe na banda lake, lenye uwazi chini ya paa pande mbili. Na maji ya kunywa yaondolewe motoni kabisa.

Hilo la mwisho halimo katika uwezo wa mama peke yake. Mwenyekiti wa chombo cha watumia maji unayesoma hapa, agiza kikasha cha kupimia klorini kabla hujaagiza mita nyingine, mtume fundi wako akapime madumu ya jioni majumbani, na ubandike namba zake ukutani mwa ofisi kila wiki ili wanaolipa bili wazione.