Masomo ya bure: tunahesabu walioingia tu

Bandugu, tuseme ukweli. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi ya serikali ni bure, vile Katiba ya 2006 inasema ku kifungu 43. Mamilioni ya watoto waliingia. Sipingi: mbele ya hapo mzazi ndiye alikuwa analipa "motivasio" ya mwalimu, na akikosa, mtoto anafukuzwa.

Lakini ripoti zote ni hesabu ya walioingia. Banki ya Dunia yenyewe ilisema watoto 97 kwa 100 wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. 97! Sisi wa agronomia hatusifu shamba juu ya mbegu zilizomwagwa.

Kosa mi naliona hapa: feza ya wazazi iliondolewa mara moja, ya serikali inakuja pole pole. Mwalimu wa N.U., mwenye hajaingia ku listi ya mishahara, alibaki na darasa limejaa na mfuko mtupu. Atafundisha namna gani?

Wakituletea tena hesabu ya walioandikishwa, tuwaulize ya darasa la sita: wangapi wanasoma barua bila kusaidiwa, na walimu wangapi wa N.U. walishalipwa?