Upawa na Pambo: Kuhakiki Kazi za Vifuu na Makumbi

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, fikira zetu aghalabu hukimbilia ngoma na vinyago. Ni nadra kuutaja upawa. Hata hivyo, chombo hiki kidogo cha kifuu chaweza kutufundisha namna ya kuhakiki sanaa za mikono.

Asili ya kazi za nazi ni mwambao. Huko makumbi hufukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa, na nyuzi zake husokotwa kuwa kamba. Kwa kamba za namna hiyo mbao za mitepe zilishonwa pasipo misumari. Kilosa iko mbali na bahari, nayo ilijulikana kwa mashamba ya mkonge; mwenye katani hana haja kubwa ya kusokota makumbi. Hapo kumbi hutosha kusugulia sufuria, na kifuu ndicho chenye heshima jikoni, kando ya kibuyu.

Tumeshika mikononi pawa mbili. Wa kwanza ni wa jikoni, Kilosa. Mpini wake wa mti umepenyezwa katika matundu mawili ya ubavuni mwa kifuu, ukabana bila gundi. Ukingo umekwanguliwa kwa kisu ukawa laini. Wa pili ulinunuliwa Mikumi, mji wenye jina la mivumo, ndugu wa mnazi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Umepakwa vanishi, umechorwa twiga, na mpini umegandishwa kwa gundi. Tuliuchovya katika uji wa moto: mpini ukabaki mkononi, kifuu kikazama.

Hatumlaumu fundi. Mnunuzi alitaka kitu cha kutundika ukutani, na fundi ana watoto wa kulisha. Lawama ni yetu sisi wahakiki na walimu, tuliozoea kusema "kizuri" kabla ya kuuliza "cha kazi gani?" Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Twiga yule amechorwa ili akitembeze chombo kisichoweza kujiuza chenyewe.

Wala hatusemi kwamba nakshi ni kosa. Kata ya kutekea maji yaweza kunakshiwa ikazidi kupendeza. Twasema nakshi iifuate kazi, isichukue nafasi yake.

Basi mwalimu na awape wanafunzi kifuu, kisu na kijiti, na asitoe alama mpaka upawa uteke mchuzi. Atakayelitoboa tundu la pili likaelekeana sawasawa na la kwanza atakuwa amejifunza kipimo na subira waliyokuwa nayo wazee wetu. Upawa uachiao mpini chunguni hauhifadhi utamaduni wowote, hata ukiandikwa jina la Tanzania kwa herufi kubwa.